Chupa ya Wageni

Nilipewa kazi ya kutunza samaki kwa sababu mama mzungu aliamini kwamba kila mtu wa magharibi amezaliwa ziwani. Kwetu ni Maragoli, milimani, kwenye mawe na migomba. Ziwa nililiona mara ya kwanza nilipokwenda kupanda treni Kisumu, nikiwa mtu mzima mwenye mke, na sikulipenda. Samaki niliyemjua ni yule wa sokoni, aliyekaushwa kwa moshi hadi akakunjamana, na huyo hahitaji kutunzwa na mtu.

“Wewe natoka lake,” mama aliniambia siku ya kwanza, akilitaja ziwa kwa Kiingereza na kuninyooshea kidole. “Wewe najua samaki.”

Nikasema ndiyo. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau, na mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yalikuwa yanawatoa Wakikuyu katika nyumba za wazungu na kutuingiza sisi wa mbali. Kanzu niliyopewa ilikuwa ya mtu aliyenitangulia. Alikuwa mrefu kuliko mimi, kwa hiyo wiki nzima niliburuza pindo lake jikoni kabla sijapata sindano na uzi. Sikuuliza mwenyewe yuko wapi. Mtu aliyekaa miezi mitano bila kazi haulizi kiti kilikuwa cha nani.

Tangi lenyewe lilikuwa sebuleni, kioo pande nne, fremu ya chuma, na chini kibao cha jiwe jeusi. Chini ya kibao hicho iliwekwa taa ndogo ya mafuta ili maji yasipoe, maana samaki wale walitoka nchi za joto, wakaletwa kwa meli. Walikuwa zaidi ya ishirini, wengi wao wadogo kama pingili ya kidole, madume wenye mikia ya rangi, na mmoja mwekundu mkubwa kidogo ambaye mama alimpenda kuliko alivyompenda bwana. Bwana naye alipenda kahawa yake na bastola yake, basi nyumba ilikuwa na amani.

“Moja nakufa bure,” mama aliniambia, “wewe narudi kwenu.”

Wa kwanza alikufa siku ya sita. Nilikuwa nimetoka kufua, mikono ina sabuni, nikaingiza mkono kutoa jani lililooza. Mama alimwokota maiti kwa kijiko, akamweka kwenye kiganja changu, akaniambia nisimame hapo. Kisha akaketi na wageni wake wawili, wakanywa chai, wakala keki, wakazungumza habari za mbio za farasi. Mimi nilisimama nimeshika samaki mfu hadi birika la pili la chai likaisha. Aliniambia nikamtupe, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi, kwa ajili ya kitu ambacho kwetu hakitoshi hata kupaka ugali harufu.

Ndipo nikamtafuta yule mwenye kanzu.

Hakuwa mbali. Alikuwa kwenye shamba hilo hilo, ametolewa nyumbani akatupwa kwenye kuchuma kahawa. Aliishi na mke na watoto katika kijiji kipya ambacho serikali iliwakusanyia, kile chenye handaki na miti iliyochongwa kuzunguka. Nilimkuta mahali pa kupimia kahawa, ameinama juu ya debe lake, anaokota majani yaliyochanganyika na buni. Alikuwa amepita miaka arobaini, mtulivu, na alipoinua uso aliitazama kanzu kwanza, kisha mimi.

“Umeipunguza,” akasema. “Ni vizuri. Ilikuwa inanisumbua hata mimi.”

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza, akacheka kidogo aliposikia habari za sabuni, akaacha kucheka aliposikia nilivyosimamishwa na maiti mkononi. Kisha akanieleza shida yake, na nilielewa yote, kwa hiyo sitajisingizia ujinga.

Mwisho wa msimu wa kuchuma lori la serikali lingekuja shambani. Kila Mkikuyu angeketi chini akaguliwe. Mwenye barua ya mzungu anayemdhamini angebaki. Asiye nayo angepandishwa lori akachujwe kama ni Mau Mau mbele ya watoa siri waliofunikwa gunia usoni, na wengi waliopelekwa huko walikuwa hawajarudi. Bwana hakuweza kumtofautisha mchumaji mmoja na mwingine. Mama alimjua, kwa sababu alimfanyia kazi miaka kumi na mmoja, lakini Mkikuyu alikuwa haruhusiwi kukaribia nyumba. Mtu pekee aliyeweza kufikisha ombi lake kwa mama alikuwa mimi.

“Mimi nitakufundisha samaki yote,” akasema. “Wewe unisemee kwa mama. Maneno mbili tu: aniandikie barua. Atiriri, sikiliza, ndugu yangu, ni hiyo barua au ni lori.”

Nikampa mkono. Nikasema nitasema.

Basi akanifundisha. Kila jioni kabla ya king’ora cha kuwaingiza kijijini, nilipita mahali pa kupimia nikijifanya natafuta kuni, naye alinipa somo moja huku akichambua buni. Alisema samaki hauawi na ugonjwa, anauawa na mtu anayemtunza. Maji ya mvua ya bati ni mazuri, lakini si ya mvua ya kwanza, ile inayoosha paa. Maji ya mto yachemshwe, yapoe, yakae ndoo wazi usiku kucha. Ndoo hiyo isiguse sabuni wala mafuta ya taa hadi kiama. Chakula kiwe kidogo kiasi kwamba kinaisha kabla hujamaliza kufagia sebule, na kikibaki kitolewe, kwa sababu mabaki ndiyo yanayooza na kuwaozesha mapezi. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri, ila visuuzwe mara tatu. Taa isizimike mwezi wa saba, kwani samaki akipigwa baridi ya Ruiru mwili wake unaufungulia ugonjwa mlango.

“Na akija mgeni,” aliniambia, “hata awe mzuri namna gani, hata apeanwe na malkia, ataingia kwenye chupa kwanza.”

Kulikuwa na chupa kubwa ya kioo juu ya kabati la jikoni, ya kutilia achari. Aliiita chupa ya wageni. Samaki mpya angekaa humo wiki tatu na kijiti chake cha kutolea uchafu, na ukigusa maji ya chupa hugusi maji ya tangi kabla ya kuosha mikono kwa maji ya chumvi. Umtazame kama anajisugua kwenye mawe, kama amekunja mapezi, kama anapumulia juu. Majani mapya nayo yaoshwe kwa maji ya chumvi. Aliniambia nirudie yote, nikarudia. Akasema nina kichwa chepesi.

Ningetakiwa kumshukuru. Badala yake nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alijua, kwa sababu alivaa matambara akanifundisha mimi niliyevaa kanzu nyeupe, na kwa sababu siku moja mama aliguna mbele ya tangi akasema angetoa chochote kumrudisha boi wake wa zamani. Nilikuwa napangusa meza. Nilipangusa mahali pamoja mara nne. Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba nikilitaja jina la mtu yule nitakuwa nimejifukuza mwenyewe.

“Umesema?” aliniuliza.

“Bado kidogo. Natafuta siku ana moyo mzuri.”

Wiki iliyofuata aliniuliza tena. Nikamwambia nimesema. Nikamwambia mama anafikiria. Ule uongo ulinitoka kirahisi hivi kwamba niliurembesha: nikasema mama alitikisa kichwa kwa huzuni na kuuliza hali ya watoto wake. Yule mtu alifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa buni.

Sasa nieleze kosa langu, na mwenye kucheka acheke.

Mama alikwenda Nairobi kung’olewa jino, akalala huko. Rafiki yake, bibi mmoja mnene kutoka upande wa Thika, akaja na samaki wanne ndani ya chupa ya jemu, zawadi. Akataka chai. Aliketi sebuleni, chupa juu ya magoti, akinitazama.

Kwetu mgeni akileta unga, unaumimina kwenye chungu chako mbele ya macho yake. Ukiuweka kando na kusema utautazama baadaye, umemwita mchawi, na mama yako atasikia habari hiyo kabla hujafunga mlango. Nilijua kuhusu chupa ya wageni. Ilikuwa pale pale juu ya kabati, safi, nimeiosha mwenyewe. Lakini mwanamke alikuwa ameketi pale na zawadi yake, na mikono yangu ilikataa kumtukana. Tena nilikuwa nimechoka kuendesha nyumba kwa sheria za mchuma kahawa. Nikawamimina wanne wote ndani ya tangi. Bibi yule hakuinua hata macho kutoka kwenye keki yake. Ningewatia chooni asingejali.

Siku ya tano yule mwekundu alikuwa na vidoa vitatu mkiani, vyeupe, kama punje za chumvi. Siku ya sita alikuwa navyo hadi kwenye jicho, na wenzake wakajisugua kwenye mawe wote kwa pamoja. Mama alikuwa na macho mabovu na miwani hakuipenda. Nilivuta pazia nikamwambia jua linawaunguza. Kisha nikakimbilia kwenye kahawa.

“Nyeupe ya chumvi au nyeupe ya pamba?” yule mtu akaniuliza.

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeingiwa na hofu hata sikumbuki nilichoona.

“Ni lazima nione. Dawa ni mbalimbali.”

Mama alikuwa klabu mchana huo. Yule mtu alikuja kupitia kwenye mto, akainama chini ya dirisha la jikoni, akaingia pekupeku. Hakugusa kitu. Alichutama mbele ya tangi lile alilolitunza miaka kumi na mmoja, akawahesabu mmoja mmoja. Kisha akawaona wale wanne wageni. Alinitazama, na kupitia mlango wa jikoni akaitazama chupa juu ya kabati, tupu. Hakunilaumu, na kwa hilo pia nilimchukia.

“Ni ya chumvi,” akasema. “Wataishi. Pandisha taa, kidogo leo, kidogo kesho, wasishtuke. Funika na blanketi. Chumvi ya mawe, kijiko moja kwa ndoo, uyeyushe kwanza. Hawa wawili wamekwisha, toa sasa hivi, uchome, usitupe mtoni. Na sikia: doa ikipotea usifurahi. Imeanguka chini kuzaa. Watoto wake watapanda tena. Kila siku vuta uchafu ya chini na mpira, siku kumi. Wewe ukiacha siku ya tano umeua wote.”

Nikawatoa wale wawili kwa kijiko, nikawatia kwenye jiko la kuni wakiwa wanaruka. Niliwasikia wakichemka. Yeye aligeuza uso.

“Mama amesema nini juu ya barua?” akaniuliza mlangoni.

“Ameshakubali,” nikasema. “Ataandika wiki hii.”

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwa njia ya mto. Alikuwa amekosekana kwenye mstari wake labda robo saa. Homgadi wa zamu, askari mlinzi wa kijiji, alimngoja. Kutoka jikoni nilisikia rungu, na nilisikia akiulizwa alikwenda wapi, na kila alipoulizwa alijibu kwamba tumbo lilimsumbua. Angesema tu alikuwa nyumbani kwa wazungu, nami ningekuwa kwenye treni ya Kisumu kesho yake. Hakusema. Nilikuwa napima chumvi. Niliendelea kupima.

Mama aligundua siku ya tatu ya dawa. Alifungua pazia, akavaa miwani, akapiga kelele bwana akaja na bastola. Nilisimama imara nikamwambia najua, mama, nimeuona ugonjwa mapema, naufukuza kwa desturi ya ziwani. Nilimwonyesha taa, chumvi na mpira. Nilimwambia kuhusu madoa yanayoanguka chini kuzaa, neno kwa neno nilivyoambiwa. Akaketi polepole kwenye kiti. Hakuuliza ugonjwa uliingiaje, kwa sababu mtu ambaye ana dawa hatafutwi kosa.

Nilifanya siku zote kumi. Sikuruka hata moja, sikulala vizuri, nilivuta uchafu kwa mpira hadi nikajua ladha ya maji yale. Siku ya kumi na moja yule mwekundu alikuwa msafi kama aliyetoka dukani, na mapezi yote yamekunjuka. Mama alipiga makofi. Alikuwa ameketi kwenye meza yake ya kuandikia, iliyokuwa karibu na tangi, na mbele yake karatasi, bahasha na wino, anaandikia watu wa kwao.

“Wewe watu ya lake!” akasema. “Sema, nataka nini? Kitu moja. Mimi natoa.”

Nataka hili lieleweke. Sikusahau. Wachumaji walikuwa wameshaambiwa kwamba lori linakuja keshokutwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Maneno mawili yale niliyoombwa yalinijia hadi kwenye ulimi, nami nikayaona pamoja na maswali yake yote: unamjuaje, amekwambia lini, alikufundisha nini. Angeandika barua, sina shaka. Kisha angekwenda kwa mkuu wa wilaya kumwombea boi wake wa zamani kibali, na mimi ningeivua kanzu.

“Koti, mama,” nikasema. “Lile kuukuu la bwana.”

Alicheka, akasema hiyo ni kitu kidogo sana, akalileta mwenyewe kutoka kabatini. Lilikuwa la sufu, kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Lilinikaa vizuri.

Lori lilikuja asubuhi yenye baridi. Wachumaji waliketishwa chini mbele ya mtambo wa kuoshea kahawa, mikono kichwani. Mimi nilitumwa na trei ya chai kwa ofisa na bwana, nikiwa na koti langu juu ya kanzu. Wenye barua walikuwa wameshasimama upande mwingine. Mwalimu wangu wa samaki alikuwa ameketi mwisho wa mstari, jicho moja limevimba bado, na nilipopita akaniita kwa sauti ya chini. Ofisa mwenyewe alikuwa anakunywa chai yangu, hakujali.

“Wamepona?” akaniuliza.

“Wamepona wote.”

“Chumvi utoe pole pole. Maji kidogo kila siku, usibadilishe yote.”

“Ndiyo, mzee.”

Nilidhani ataniuliza kuhusu barua, na nilikuwa nimetayarisha uongo mwingine, mzuri kuliko yote. Hakuuliza.

“Huyo mama ni mgumu,” akasema. “Miaka kumi na mmoja, mimi namjua. Anakubali leo, kesho amebadilika. Wewe usisikie vibaya, ndugu yangu. Wewe ulisema.”

“Nilijitahidi,” nikamwambia.

“Najua. Nimemwambia bibi yangu, kukiwa na shida yoyote akuone wewe. Nimemwambia hapa shambani tuko na rafiki mmoja.”

Wakawasimamisha, wakawapandisha. Alihitaji kusaidiwa kupanda kwa sababu ya mbavu zake.

Mke wake alikuja siku ya nne, mtoto mgongoni, kwa njia ile ile ya mto. Alisimama mlango wa jikoni, hakuingia, akaniamkia kama anavyoamkiwa mtu mkubwa. Mama alikuwa sebuleni, angesikia sauti yoyote. Nilitoka nje nikifunga vifungo vya koti, nikamwambia mwanamke yule kwamba simjui yeye wala mumewe, na kwamba Mkikuyu haruhusiwi hapa, aondoke kabla sijamwita homgadi. Alifikiri amekosea nyumba. Aliniomba radhi, akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha anakoishi yule boi wa kutoka ziwani.